Habari za Simu Mbili za Kwemkuyu, na Jinsi Zilivyosikilizana

TANGAZO. Wananchi wote wa Kijiji cha Ujamaa cha Kwemkuyu mnaarifiwa kwamba simu iliyo katika ofisi ya Mwenyekiti na simu iliyo katika ofisi ya Katibu hazisikilizani. Fundi ameitwa. Mpaka fundi atakapomaliza kazi yake, ni marufuku kwa mtu yeyote kusimama barazani akitoa ushauri.

Tangazo hilo lilibandikwa kwa uji wa muhogo kwenye nguzo ya baraza ya ofisi ya kijiji, siku ya Jumatatu, mwezi wa Novemba, mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na nne; na ilipofika saa nne asubuhi, watu thelathini na saba walikuwa wamesimama barazani wakitoa ushauri.

Sogeeni basi, enyi wakulima wa kabichi mliozoea kulima mkiwa mmeinama kuelekea mlimani, nanyi wachuma chai wa Mponde, nanyi wa Muheza mnaodhani kwamba huku juu hapazaliwi jambo ila ukungu. Wako waliosimulia vita vya majumbe na misafara ya wafalme, na heri yao, kwa maana walikuwa na majumbe na wafalme wa kusimulia. Mimi nina simu mbili, ukuta mmoja na wazee wawili. Nitaeleza yaliyotendeka bila kuongeza neno, kwani yaliyotendeka yalikwisha kuwa mengi kuliko yalivyohitajiwa.

Nyumba ambamo vita hivi vilipiganwa ilijengwa na mkulima mmoja wa chai aliyekuja na wakoloni na kuondoka baada yao, mtu ambaye hakumwamini jirani wala baridi, na kwa sababu hiyo kuta zake ni za mawe, nene kama urefu wa mkono wa mtu mzima, na sauti ikiingia ndani yake haitoki upande wa pili. Baada ya Azimio nyumba ikawa mali ya kijiji, nayo ikagawanywa kwa haki. Chumba cha mashariki alipewa Abrahamu mwana wa Kristofa, mwenye koti la kijivu, mzee wa kanisa, Mwenyekiti wa Kijiji. Chumba cha magharibi alipewa Omari mwana wa Athumani, mlinzi wa mhuri, mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono, mtu wa bondeni kwenye bustani za mboga, Katibu wa Kijiji. Kutoka mlango mmoja hadi mwingine, ukipita barazani, ni hatua tisa. Wote wawili walikuwa waaminifu na wachapakazi, jambo ambalo nalitaja ili msomaji asitafute mwovu mahali ambapo hayupo.

Simu zenyewe zilikutwa stoo chini ya magunia, mbili, nyeusi, nzito, za kukoroga mpini kwa mkono, alizozitumia mkulima yule kuwagombeza watu wake bila kutoka kitini. Zingekaa chini ya magunia hadi leo, lau isingekuja barua. Mwezi wa Oktoba iliandikwa kutoka wilayani kwamba zimepatikana nguzo na waya za kutosha kijiji kimoja tu cha tarafa, kukiunganisha na simu ya nje. Na kwamba kijiji hicho kitakuwa kile kitakachothibitisha, mbele ya afisa atakayetumwa kukagua, kwamba wananchi wake wanajua kutumia na kutunza vyombo vya mawasiliano. Afisa angefika Kwemkuyu Alhamisi ya tatu ya Novemba. Kijiji kikazitoa simu stoo, kikazipangusa, kikampa moja Mwenyekiti na nyingine Katibu, kikazifunga kwa waya, na kikagundua kwamba hazisemi.

Aliyeijua thamani ya barua ile kuliko wote alikuwa Jenoveva, muuguzi na mkunga wa zahanati ya kijiji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambayo watu waliitii kabla hawajaielewa. Zahanati yake ina kitanda kimoja, mizani ya watoto, na dirisha linaloelekea Bumbuli, ambako kuna hospitali, madaktari na gari la wagonjwa. Gari hilo lingeweza kufika Kwemkuyu kwa saa moja na nusu, kama pangekuwa na njia ya kuliita. Kwa kuwa njia haikuwepo, mama aliyeshindwa kujifungua alibebwa kwa machela, watu wakipokezana, kwa saa saba. Katika masika ya mwaka ule alibebwa Salma, mke wa Mussa. Mtoto alizaliwa njiani juu ya machela, mvua ikinyesha na Jenoveva akiwa amepiga magoti katika tope, na mama na mtoto wakapona. Watu walipomuuliza Jenoveva jinsi walivyopona, alijibu kwamba hajui. Hakulipenda jibu hilo. Alitaka nguzo.

Ndipo alipoitwa Mbaraka wa Muheza, mfunua visanduku, mtuliza kengele, aliyetunza simu za shamba la mkonge kwa miaka kumi na moja bila kupigwa shoti zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Alishuka basi Soni, akapanda kwa miguu, na akatokea kwenye baraza ya Kwemkuyu akiwa amebeba begi la turubai lenye silaha zake: bisibisi tatu, koleo, kisu cha kumenyea waya, na simu yake mwenyewe ya majaribio, ndogo, ambayo hakumruhusu mtu kuishika.

Abrahamu mwana wa Kristofa akasimama mlangoni pake na kumpokea kwa maneno haya:

"Fundi, umefika katika kijiji kisichoomba huruma. Tumekata matuta, tumejenga shule, tumemzuia nguruwe mwitu asivuke mfereji. Sasa tumeshindwa na masanduku mawili yanayokaa chini ya bati moja. Alhamisi anakuja afisa. Akizikuta bubu, nguzo zitakwenda kwa watu ambao hata kabichi yao haifungi vizuri. Sisemi zaidi. Kazi ni yako."

Naye Mbaraka akajibu, akiwa bado hajatua begi:

"Shikamoo, Mwenyekiti. Nimeisemesha simu iliyoliwa na mchwa, na simu iliyotagiwa mayai, na moja iliyolala mtoni siku mbili. Sijapata kuondoka mahali nikaiacha simu imenyamaza, na sitaanzia hapa. Ila nimetembea tangu alfajiri, na naomba chai."

Akapewa chai. Akaamkia pia mlango wa magharibi, na Omari akaitikia kwa sauti njema, akaongeza kwamba simu ya chumbani mwake ni nzima kabisa na ubovu utafutwe kwingine. Abrahamu naye alikuwa amekwisha kusema hivyo hivyo kuhusu simu yake.

Sasa ili msomaji asipotee vitani, ajue jinsi uwanja ulivyokuwa. Waya wa Mwenyekiti ulitoka dirishani mwake, na waya wa Katibu ukatoka dirishani mwake, zikakutana katika kisanduku cha mbao kilichopigiliwa barazani, katikati ya milango miwili. Mbaraka aliketi mbele ya kisanduku hicho kama jemadari mbele ya ramani. Akaifunga simu yake ya majaribio kwenye waya wa Katibu, akakoroga. Kengele ikalia ndani. Mbaraka akasema shikamoo, Omari akasema marahaba fundi, nakusikia kama uko ndani ya sikio langu. Akahamia waya wa Mwenyekiti, akakoroga, akaamkia, akaitikiwa, akaulizwa habari za mvua ya Muheza, akazijibu. Kwa hiyo kila simu ilimsikia fundi, na fundi aliisikia kila simu. Umati ukashusha pumzi.

Kisha akazifunga nyaya mbili pamoja, akamwomba Mwenyekiti ampigie Katibu. Abrahamu akakoroga. Kengele ya Omari ikalia. Omari akainua mkono wa simu, akauweka sikioni. Ukapita muda ambao mtu angeweza kumenya viazi viwili. Abrahamu akarudisha mkono wa simu mahali pake, akatoka mlangoni, akautangazia umati kwamba ni kimya kama kaburi. Omari akatoka mlangoni pake, akasema ni kimya kama kaburi. Walisema hivyo wakiutazama umati, kila mmoja upande wake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku ya kwanza, na Mbaraka alilala katika nyumba ya wageni ya kijiji akiwa na uso wa mtu aliyeambiwa kwamba mbili na mbili hazikutani.

Jumanne alipambana na vyombo. Alizibadilisha simu, ya mashariki ikaenda magharibi na ya magharibi mashariki, akisema kwamba ubovu ukihama na simu, basi ubovu ni wa simu. Ubovu haukuhama. Alibadilisha betri. Alichomoa nyaya zote za zamani na kuweka mpya, kwa mwendo wa hatua tisa tu, lakini kwa uangalifu wa mtu anayevusha jeshi mto. Alichimbia chini waya wa ardhini, akaumwagia maji ya chumvi. Baada ya kila tendo alizipima simu moja moja na kila moja ikamwitikia kwa adabu. Baada ya kila tendo alizikutanisha na kila moja ikawa bubu. Dorkasi, mama aliyeuza ndizi mbivu chini ya baraza, alisema simu hizo zimeingiwa na baridi, na kwa kuwa fundi hakuwa tena na hoja ya kumpinga, zilivikwa blanketi kwa saa mbili. Abrahamu aliketi karibu na simu iliyovikwa blanketi akaandika taarifa ya shule. Hapakuwa na badiliko.

Jumatano asubuhi Mbaraka alifanya jambo ambalo mafundi hulifanya pale tu ambapo fahari yao imechakaa. Aliifunga simu yake ya majaribio katikati ya nyaya mbili, akawaomba wazee wapigiane, akasikiliza bila kusema. Na alisikia kitu. Alisikia pumzi, na jogoo akiwika upande wa dirisha la Katibu. Basi akatangaza barazani, kwa huzuni kubwa, kwamba waya huu unapitisha pumzi na unapitisha jogoo, lakini haupitishi maneno ya watu wazima, na kwamba katika miaka kumi na moja hajaona waya wenye tabia hiyo.

Jenoveva alikuwa amepanda kutoka zahanati kuuliza kazi imefikia wapi. Alisikia tangazo hilo akiwa kwenye ngazi ya chini.

"Naomba nisikilize," akasema.

Mbaraka, ambaye hakumruhusu mtu kuishika simu ile, alimpa. Jenoveva akainama, akafumba macho kama afanyavyo anaposikiliza tumbo la mama mjamzito.

"Kuna watu wawili humu," akasema. "Mmoja kifua kinambana. Huyo ni Mwenyekiti, nilimwambia apunguze ugoro. Wa pili anapumua kwa pua, kama mtu anayesubiri kitu alichoahidiwa." Akaushusha mkono wa simu. "Fundi, ukiwapigia wewe, unaanza na nini?"

"Nawaamkia, nesi. Nitaanza na nini kingine mbele ya watu wazima?"

"Nao?"

"Wananiitikia."

"Basi niambie. Wao wakipigiana wenyewe, anayeamkia ni nani?"

Mbaraka akaiweka bisibisi chini polepole sana. Wale thelathini na saba, ambao kwa sasa walikuwa hamsini, wakatazamana. Na hapo ndipo ilipowajia wote kwa pamoja kwamba walikuwa wakilijua jibu tangu Jumatatu, na kwamba hawakulitaja kwa sababu ile ile inayomfanya mtu asimwambie mgeni kwamba milima ina miteremko.

Kwa maana Abrahamu mwana wa Kristofa na Omari mwana wa Athumani hawakuwa wameamkiana kwa muda wa miaka arobaini na moja. Hawakuwa na ugomvi wowote. Kila mmoja alijua kwamba yeye ndiye mkubwa, na mkubwa hamwamkii mdogo, husubiri. Wakikutana njiani walikohoa. Mikutanoni walizungumza na mkutano. Ofisini waliandikiana vikaratasi vyenye adabu, vikipitishwa dirishani na yeyote aliyekuwa akipita. Na katika siku tatu zile, kila mara kengele ilipolia, kila mmoja aliinua mkono wa simu na kusubiri kuamkiwa. Na kila mmoja, kwa moyo safi kabisa, aliamini kwamba simu ni mbovu, kwani kama ingekuwa nzima mwenzake angekwisha kumwamkia.

Baraza la vita likaitishwa pale pale, Abrahamu akiwa amesimama katika mlango wake na Omari katika wake. Mbaraka alidhani kwamba amekwisha kushinda, kwa kuwa alikuwa mgeni. Akapendekeza kwamba umri ujulikane, na mdogo aamkie. Abrahamu akatoa mfukoni cheti cha ubatizo kilichokunjwa mara nyingi, ambacho inaelekea alitembea nacho kwa ajili ya siku kama hiyo. Omari akaeleza kwa upole kwamba cheti kile kinaonyesha siku aliyomwagiwa maji, wala hakisemi amezaliwa lini. Yeye mwenyewe, mwaka wa nzige wakubwa, alikuwa tayari anachunga mbuzi, na anakumbuka vizuri kwamba Abrahamu alikuwa mgongoni mwa mama yake. Abrahamu akajibu kwamba alikuwa mgongoni kwa sababu ya kidonda mguuni, na kwamba mbuzi wenyewe walikuwa wawili.

Mbaraka akapendekeza kwamba anayepiga simu ndiye aamkie.

"Kwa hiyo mkubwa akihitaji kuuliza habari za mbegu," akasema Abrahamu, "anageuka mtoto mpaka azipate."

Mtu mmoja akasema basi waanze kwa kuitana ndugu, kama taifa linavyoagiza. Wazee wote wawili walikubali kwamba ndugu ni neno tukufu, na wote wawili wakasema kwamba si salamu. Mbaraka, akiwa amebaki na risasi moja, akataja neno halo.

"Halo anaambiwa mtu usiyemjua," akasema Omari. "Huyu namjua tangu hajavaa suruali."

Hapo Jenoveva akapanda ngazi ya mwisho, akasimama mbele ya kisanduku, kati ya milango miwili.

"Shikamooni, wazee wangu," akasema.

"Marahaba," wakaitikia wote wawili, na sauti zao zilitoka kwa pamoja, hata asiyewaona asingejua kwamba ni watu wawili.

Jenoveva akatazama chini, kama mtu aliyeona kitu sakafuni.

"Masika yaliyopita tulimbeba Salma," akasema. "Mwenyekiti, ulikuwa mbele upande wa kulia. Katibu, ulikuwa nyuma yake. Tulipofika kwenye ule mteremko wa mawe mliteleza wote wawili na hamkuachia. Sikumsikia mtu akiuliza nani mkubwa. Hamkusemezana neno, na sikuwadai neno. Lakini mwezi wa Januari nina akina mama watatu, na mmoja mtoto amekaa vibaya, nimempapasa jana. Sitaki machela. Nataka gari. Ili nipate gari nahitaji nguzo, na ili nipate nguzo nahitaji ninyi wawili mseme kesho mbele ya huyo afisa. Hamtaki kutangulia, msitangulie. Kengele ikilia, inueni, hesabuni tatu moyoni, kisha amkianeni kwa pamoja, kama mlivyoniitikia sasa. Kisha itikianeni kwa pamoja. Kila mmoja atakuwa ameamkiwa, na hakuna atakayekuwa ameanza."

Wazee wakatafakari. Ilionekana wazi kwamba kila mmoja alikuwa akilikagua pendekezo lile pembe zote, kama mtu anayenunua ng'ombe, akitafuta mahali ambapo lingempunguza.

"Na nitajuaje kwamba ameniamkia," akauliza Omari hatimaye, "ikiwa wakati huo huo mimi mwenyewe nilikuwa nikisema?"

"Fundi atakuwa anasikiliza katikati," akasema Jenoveva. "Yeye ni wa Muheza. Hana upande."

Na hivi ndivyo Mbaraka alivyopewa vita vyake vya mwisho, vilivyokuwa vikali kuliko vyote. Maana katika mazoezi ya mchana ule ilidhihirika kwamba Abrahamu huhesabu tatu kama mtu anayevuta kamba ya kengele ya kanisa, na Omari huhesabu tatu kama mtu anayehesabu vichwa vya vitunguu. Mara ya kwanza Omari alifika tatu akaona hatari ya kuwa peke yake, akameza shikamoo ikiwa imefika menoni. Mara ya pili alijitahidi kuchelewa, Abrahamu akajitahidi kuwahi, na kila mmoja akanyamaza kwa hofu ya mwenzake. Mara ya saba Mbaraka aliinuka, akazunguka nyumba, akarudi. Kisha akachukua bisibisi ndogo kuliko zote, na kwa mpini wake wa mbao akagonga chuma cha ndani ya kisanduku: ta, ta, ta. Mlio ule uliingia katika nyaya mbili kwa wakati mmoja na kuyafikia masikio mawili kwa wakati mmoja, hata hapakuwa tena na haja ya mzee yeyote kuhesabu. Siandiki haya kwa kumsifu mtu kupita kiasi. Lakini wako ambao mitaa ya miji imepewa majina yao kwa kutenda madogo kuliko hayo.

Alhamisi saa tano akafika afisa, jina lake Paskali, mtu wa makamo mwenye faili la kijani na viatu visivyojua tope, katika Landrova iliyobidi kusukumwa mita mia mbili za mwisho na wale aliokuja kuwakagua. Akawaamkia wazee, mmoja mmoja, kila mmoja mlangoni pake, na hakujua jinsi alivyokuwa ametazamwa kuona angeanza na nani. Alianza na aliyekuwa karibu na Landrova. Kisha akaketi barazani juu ya kiti chenye mkeka, akafungua faili, akasema yuko tayari kushuhudia.

Jenoveva alisimama karibu na nguzo yenye tangazo, mikono imefumbatwa. Ndani ya chumba cha mashariki Abrahamu mwana wa Kristofa alirekebisha koti lake, akashika mpini, akakoroga. Kengele ya magharibi ikalia, kali na safi, ikiamsha kuku. Omari mwana wa Athumani akainua mkono wa simu. Mbaraka, amepiga goti moja mbele ya kisanduku, simu yake sikioni, akainua bisibisi.

Ta. Ta. Ta.

"Shikamoo," wakasema Mwenyekiti na Katibu.

"Marahaba," wakasema Mwenyekiti na Katibu.

Mbaraka aliugeukia umati na kuinamisha kichwa mara moja. Salamu zilikuwa zimevuka, zote mbili, zikapishana ndani ya waya wa hatua tisa bila kugongana. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na tatu, yakafuata mazungumzo, ambayo fundi aliyasikia yote na nimeyapata kutoka kwake.

"Katibu, huko kwako kuna mvua?"

"Kuna manyunyu, Mwenyekiti. Na huko?"

"Huku pia ni manyunyu."

"Basi inanyesha kote."

"Inaelekea hivyo." Hapo palipita pumzi mbili. "Kile kidonda kilikuwa mguu wa kushoto."

"Nakumbuka," akasema Omari. "Kilikuwa kibaya."

Wakaweka mikono ya simu chini. Barazani yalipigwa makofi, vigelegele vikashuka bondeni na kurudi. Dorkasi akagawa ndizi bila kuangalia anampa nani. Wanaume wanne wakambeba Mbaraka juujuu mpaka mwisho wa mashamba ya chai, ambako aliomba ateremshwe kwa sababu begi lake lilikuwa limebaki nyuma. Omari aliiandika siku ile katika daftari la kijiji, kati ya ugawaji wa majembe na taarifa ya ugonjwa wa viazi, kuwa siku ambayo Kwemkuyu ilipata mawasiliano, akapiga mhuri, na ukurasa huo upo, mhuri umekaa sawasawa. Paskali alisema kwamba ameridhika kupita matarajio. Jenoveva alimfuata mpaka kwenye Landrova akamuuliza nguzo zitaanza kuchimbiwa lini, kabla ya Januari au baada. Paskali alimjibu kwamba swali hilo ni zuri, akaliandika.

Jibu lilifika baada ya wiki tatu, likasomwa na Katibu mbele ya mkutano wa kijiji, Mwenyekiti akiwa ameketi kando yake, na halikusomwa kwa haraka:

"Kwa kuwa ukaguzi umethibitisha pasipo shaka kwamba Kijiji cha Ujamaa cha Kwemkuyu tayari kina simu, na kwamba simu hizo zinafanya kazi kwa ufanisi wa kupigiwa mfano; na kwa kuwa vipo vijiji katika tarafa hii ambavyo havina simu hata moja; imeamuliwa kwamba nguzo na waya vipelekwe katika kijiji kisicho na simu. Kijiji cha Kwemkuyu kinapongezwa. Aidha, kwa kutambua mahitaji maalumu ya zahanati, imeamuliwa kwamba kijiji kipewe simu ya tatu, ifungwe zahanati na kuunganishwa na hizo mbili zilizopo. Utaratibu wa kuamkiana kwa watu watatu utapangwa na kijiji chenyewe. Lengo ni kwamba muuguzi, wakati wowote mama atakaposhindwa kujifungua, aweze kuwaita wabeba machela bila kutoka nje ya jengo."